Rimu za Bi Kizee



Mhariri alinitaka niandike historia fupi ya gari kuukuu aina ya Peugeot 404 ambalo, Mungu akipenda, litasimama mbele ya ukumbi wa shule siku ya mkutano wetu. Nilikubali upesi, nikidhani ni kazi ya jioni mbili. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni majalada, na rimu pekee niliyoijua maishani ilikuwa ile ya karatasi. Kumbe kazi yenyewe ilinimalizia likizo mbili, na karibu muda wote huo ulikwisha katika kutafuta rimu za namna nyingine, zile za chuma zinazovaa tairi.

Kwa faida ya vijana ambao hawakuliona gari hilo likitembea, hapana budi nianze mwanzo. Lilikuwa la mwalimu wetu wa fizikia, sasa marehemu. Alilinunua mwaka 1974 likiwa limekwisha kutumika miaka saba, maana kibati chake kinaonyesha kwamba liliundwa mwaka 1967. Aliliendesha hadi alipostaafu mwaka 1996. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1994 tulilikuta limechoka, linakohoa asubuhi, na tukalibatiza jina la Bi Kizee. Alipostaafu aliliacha shuleni, akasema litafaa kufundishia. Likafundishia kweli kwa miaka michache, kisha likaachwa chini ya mwarobaini. Magurudumu yakaondoka moja baada ya jingine, hata likabaki limekaa juu ya mawe manne kama kuku anayeatamia.

Mwaka juzi kamati ya wahitimu ilikutana katika ofisi ya mwenzetu mmoja pale Posta, ikaamua kwamba Bi Kizee afufuliwe. Fedha za kuchonga bodi na kufungua injini zilipatikana kwa mchango. Likabaki swali la rimu, na hapo ndipo ndugu tulipogawanyika.

Kundi la kwanza lilitaka rimu mpya za aloi, zile zing'aazo, ambazo Kariakoo zimejaa tele. Hoja yao ilikuwa nyepesi: zinapatikana leo, zinapendeza katika picha, na kijana atalikimbilia gari. Kundi la pili, likiongozwa na mwenyekiti wetu, lilikuja na jambo kubwa zaidi. Tangu zamani wanafunzi walisimuliana kwamba Bi Kizee ni gari lile lile lililoshinda mbio za Safari. Mwenyekiti akataka tulivalishe rimu za mashindano, tulipake namba mlangoni, na tuweke kibao kisemacho hivyo. Mimi nilipewa kazi ya kuthibitisha. Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na ndiyo maana jina la kwanza lilikuwa Coronation Safari. Tangu mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, majira ya masika, tope likiwa limefika magotini. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba mwanzoni magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake ya dukani. Shabaha ilikuwa kuona ni gari gani, miongoni mwa yale ambayo mtu wa Afrika Mashariki angeweza kulinunua, lingezihimili barabara zake.

Katika mashindano hayo Peugeot 404 ilijipatia sifa isiyofutika. Ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, ilikuwa mikali kupindukia. Kila mara magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na kila mara mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na msoma ramani wake, Paddy Cliff. Miaka ya katikati, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa hapa kwetu Tanzania. Ndiyo maana jina la Shankland lilijulikana sana mjini Dar es Salaam, na ndiyo maana mtoto wa shule akiona 404 yoyote aliweza kuota kwamba ndiyo ile.

Mwaka 1972 mbio hizo zilianzia hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka huo Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden, wakiwa na Ford Escort, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuchukua ushindi. Mwalimu wetu alituambia darasani kwamba alikuwamo katika umati siku ile. Nadhani ndiyo sababu, miaka miwili baadaye, alipopata fedha kidogo akanunua Peugeot.

Basi, je, Bi Kizee ndilo gari la Shankland? La hasha. Magari aliyoshindia yalikuwa 404 za injini yenye pampu ya kupulizia petroli. Bi Kizee ana kabureta, na injini iliyomo ndiyo ile ile iliyoandikwa katika kadi yake ya kwanza. Ni gari la mwananchi wa kawaida, ndugu wa yale yaliyoshinda lakini si lenyewe. Nilipoiambia kamati hivyo, mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nani atafungua boneti kuangalia?" Nikamjibu kwamba tutakuwa na wanafunzi wa fizikia mia kadhaa uwanjani, na wote watafungua boneti. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Lakini kulikataa lile kibao hakukutatua suala la rimu. Rimu gani basi ndizo halali kwa gari la mwaka 1967?

Mwenzetu mmoja aishiye Marekani aliponisikia nikilalamika, aliniletea magazeti ya watu wa kwao wanaofufua magari ya mbio za robo maili. Mbio hizo ni za mstari ulionyooka, mita 402 tu. Zamani magari yake yalikuwa na injini mbele, na dereva aliketi nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli. Enzi hiyo ilianza kufikia mwisho tarehe 8 Machi 1970 huko California. Giaboksi ya gari la Don Garlits ilipasuka ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, na wenzake wakamfuata. Leo watu wanayafufua yale ya zamani, na katika magazeti yale niliona kwamba ugomvi wao mkubwa ni magurudumu. Mbele yanatakiwa membamba ya spoku, kama ya pikipiki. Nyuma yanatakiwa mapana ya magnesi, kama yale yaliyotoka katika karakana ya Ted Halibrand. Ukiweka rimu ya miaka kumi baadaye, wajuzi wanakucheka.

Nilijifunza mawili kutoka kwa watu wale. La kwanza ni kwamba gurudumu ndilo linaloutaja mwaka wa gari kabla ya kitu kingine chochote. Bodi inaweza kudumu miaka ishirini bila kubadilika, lakini mtindo wa magurudumu hubadilika upesi. La pili ni kwamba usahihi una mipaka yake. Magnesi ikizeeka huliwa na kutu ya aina yake, ikapata nyufa zisizoonekana. Kwa hiyo wengine huweka rimu za asili gari linaposimama kwenye maonyesho, na linapokimbia huvaa mpya zilizotengenezwa kwa umbo lile lile. Historia isiue mtu.

Kwa Bi Kizee jibu likawa dhahiri. Gari hili lilitoka kiwandani na rimu za chuma zilizoshindiliwa kwa mashine, na zilikuwa na sababu nzuri kwa barabara zetu. Chuma kikigonga jiwe hupinda, na kilichopinda fundi hukinyoosha kwa nyundo kando ya njia, ukaendelea na safari. Rimu ya kumiminwa ikigonga jiwe hilo hilo huweza kupasuka, na iliyopasuka haina nyundo. Kwa hiyo anayedhani rimu ya chuma ni ya kimaskini na haina hadhi ya mashindano hajaijua Safari.

Basi nikateremka kwa treni ya SGR kutoka Dodoma, ambako wizara yetu ilihamia, nikaanza kutafuta. Kila asubuhi nilitoka Posta kwa miguu, nikaipita Sanamu ya Askari, nikaifuata Samora hadi Mnazi Mmoja, kisha nikaingia Kariakoo na kuishia Gerezani, penye maduka ya spea na mafundi wa kila namna. Nilijiona mjuzi. Siku ya kwanza tu fundi mmoja mzee akanitoa ujinga.

Nilikuwa nimepima rimu moja kutoka ukingo hadi ukingo kwa futi kamba, nikasema, "Mzee, hii ni inchi kumi na sita, haifai." Akacheka.

"Mwanangu, rimu haipimwi kwenye mdomo. Inapimwa pale tairi linapokalia, ndani ya mdomo. Hiyo ni kumi na tano."

Akanieleza kwamba tairi la 404 liliandikwa 165 kwa 380. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu, kwa milimita vile vile, na 380 ni sawa na inchi 15. Akaniambia nisihangaike na rimu za Peugeot 504, ambazo ndizo wauzaji watanisukumia, kwani za gari lile ni inchi 14. Na hata nikipata ya inchi 15 ya gari la Kijapani, nitazame matundu ya nati kama yanalingana, na kina cha rimu, yaani jinsi inavyoingia ndani au kutokea nje. Kina kikikosewa, tairi litakwaruza bodi au litaelemea beringi hadi zife.

Alisema kweli. Kwa siku tisa nililetewa rimu za 504, za Toyota, na moja ya mkokoteni. Kuhusu matairi nilipata nafuu, maana 165 ya inchi 15 ndiyo iliyovaliwa pia na Volkswagen za mgongo wa kobe, na wenye Volkswagen bado wapo. Hapo tena yule mzee alinionya nisome tarehe. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka kumi lina meno yote, lakini mpira wake umekwisha kufa.

Siku ya kumi nilikata tamaa, nikaenda shuleni kukaa kivulini. Huko nilimkuta tarishi wetu wa zamani, aliyestaafu kitambo, amekuja kusalimia watu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza natafuta nini Gerezani kila siku. Nikamweleza.

"Rimu ya gari la Mwalimu?" akasema. "Si hiyo unayoitazama?"

Nikainua macho. Wanafunzi wote mliopita hapa mnalijua lile duara la chuma linaloning'inia kwenye tawi la mwarobaini. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mgonga kengele kwa muhula mzima. Nimelipiga duara lile mara elfu, na sikuwahi kujiuliza lilikuwa nini kabla ya kuwa kengele.

Mzee akanisimulia. Ilikuwa mwaka 1982. Vijana hamtaijua miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka huo hadi 1983, vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, na vitu vilikuwa adimu, tangu sabuni hadi spea. Kengele ya umeme ya shule ikaungua, na kifaa chake hakikupatikana. Kwa majuma kadhaa vipindi vikawa vinakwenda kwa kubahatisha. Ndipo Mwalimu alipofungua buti la gari lake, akatoa rimu ya akiba, akalivua tairi lake lililokuwa limekwisha, akaitundika mtini kwa mnyororo. Akampa tarishi kipande cha nondo na kumwambia, "Piga hapa, pembeni. Ukipiga katikati haitoi sauti."

"Halafu akapata nyingine ya akiba?" nikauliza.

"Angeipata wapi? Aliendesha hivyo hivyo hadi alipostaafu."

Ndugu zangu, nilipolisikia hilo nilikumbuka siku moja ya mwaka 1995. Mwalimu alichelewa kipindi cha kwanza. Aliingia darasani suruali imejaa vumbi, mikono myeusi, jasho linamtoka. Alipata pancha njiani, akaliacha gari, akaliviringisha gurudumu kwa miguu hadi kwa fundi na kurudi nalo. Mmoja wetu akauliza kwa nini mwalimu mzima hana tairi la akiba, darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Mwalimu hakusema neno. Alichukua chaki, akachora duara ubaoni, akatufundisha mwendo wa mzunguko. Nje, kipindi kilipokwisha, ikagongwa rimu yake.

Nilipanda juu ya kiti nikaipima, mara hii ndani ya mdomo. Inchi 15. Nikaenda kwa Bi Kizee nikapima nafasi za nati. Zikalingana. Chini ya tabaka za rangi, nilipokwangua kwa wembe, ikatokea rangi ya kwanza ya kiwandani, na kwa rangi hiyo ndiyo tuliyopaka nyingine zote.

Nyingine zilitoka wapi? Nilitengeneza kipimo cha mbao kutokana na kengele ile, nikakituma kwa wahitimu wa mikoani. Mmoja wetu akapata mjini Morogoro 404 iliyokufa nyuma ya nyumba ya mstaafu, ikiwa na rimu nne. Moja ilikuwa imepinda, na yule mzee wa Gerezani akainyoosha kwa nyundo, akaizungusha kwenye ekseli mpaka ikaacha kuyumba. Hakutaka malipo zaidi ya nauli na chai.

Katika kikao cha mwisho wapo waliosema kengele iteremshwe, irudi katika buti, ili gari likamilike kama lilivyotoka kiwandani. Hoja hiyo ina uzito, nami kwa siku mbili niliifikiria. Lakini nilisimama kuipinga. Rimu ile ilikuwa ndani ya gari kwa miaka 15, nayo imekuwa mtini kwa zaidi ya 40. Kuishusha ni kuifuta sehemu ndefu zaidi ya historia yake, na ni kumnyang'anya Mwalimu kitu alichokwisha kukitoa. Kamati ilikubali, na mwenyekiti ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza.

Kwa hiyo siku ya mkutano mtaliona gari likiwa na rimu nne za chuma na matairi yenye tarehe za karibuni. Hakuna namba mlangoni. Kibao kinasema: "Peugeot 404 ya mwaka 1967. Gari la Mwalimu wa Fizikia, 1974 hadi 1996." Nafasi ya tairi la akiba ni tupu, nanyi wanafunzi mkiuliza kwa nini, mtaelekezwa mtini.

Ninalo ombi moja kwenu mlioko shuleni. Atakayekuwa zamu ya kengele siku hiyo apige pembeni. Katikati haitoi sauti.